Mashine ya kung'arisha mawingu ya bahari: nozeli zinafaa, wingu bado halijajibu

Kifaa tunachokitathmini hapa hakipatikani dukani. Hata hivyo kinaombewa fedha, kinajaribiwa baharini na kinazungumzwa kana kwamba kesho kutwa kitaingia sokoni, kwa hiyo kinastahili kuhojiwa kama bidhaa nyingine yoyote: kinafanya kazi gani, kinakula nishati kiasi gani, kinaharibikia wapi na nani hasa anakihitaji. Ni mashine inayovuta maji ya bahari, ikayapasua kuwa matone madogo mno, kisha ikayapuliza hewani. Tone likikauka hubaki chembe ya chumvi. Chembe ikipanda hadi kwenye wingu la chini huongeza idadi ya matone ya wingu, na wingu lenye matone mengi madogo huwa jeupe zaidi, likarudisha mwanga wa jua juu kabla haujaipasha bahari joto.

Msimamo wetu tuutangulize. Sehemu ya mashine iliyo sitahani, yaani pampu, feni na nozeli (vidomo vya kupulizia maji), imepiga hatua kubwa na inafaa kuendelea kugharamiwa kama chombo cha utafiti. Sehemu ya pili, wingu lenyewe kung'aa kwa kiasi kilichoahidiwa, bado haijathibitishwa kwa mashine hizi. Anayeiuza kama dawa ya ongezeko la joto duniani anauza kitu ambacho hakijakuwapo. Anayeiomba iwe kivuli cha muda kwa matumbawe yanayopauka ana hoja ya kusikilizwa, na hoja hiyo inadai vipimo.

Kazi inayotarajiwa

Mvuke wa maji haugeuki tone hewani bila kitu cha kushikilia. Huhitaji chembe: vumbi, moshi, au chumvi iliyorushwa na mawimbi. Juu ya bahari safi, mbali na miji na njia za meli, chembe ni chache, na kila sentimita ya ujazo ya wingu inaweza kuwa na matone 50 hadi 100 tu. Ukiongeza chembe huku maji ya wingu yakibaki yaleyale, maji hayo yanagawanyika kwenye matone mengi zaidi na madogo zaidi. Jikoni jambo hili linaonekana wazi. Chumvi ya mawe ni kama kioo chenye ukungu; itwange kinuni, uzito ni uleule lakini sasa ni nyeupe pee, kwa sababu nyuso za kuakisi mwanga zimeongezeka.

Mwanafizikia wa mawingu Sean Twomey aliiweka hesabu hii katika maandishi miaka ya 1970, na hesabu yenyewe haina siri. Wingu linaloakisi nusu ya mwanga, ukizidisha matone yake mara mbili bila kuongeza maji, litaakisi takriban asilimia 56. Kila tone linakuwa limepungua kipenyo kwa kama asilimia 20. Asilimia 6 inaweza kuonekana ndogo, lakini bahari tupu huakisi kama asilimia 6 tu ya mwanga na kumeza iliyobaki, hivyo kila sehemu inayozuiliwa juu ni joto ambalo maji hayakulipata.

Mwanafizikia wa Uingereza John Latham alipendekeza mwaka 1990 kwamba jambo hili lifanywe makusudi kwa chumvi ya bahari. Ushahidi kwamba mawingu hujibu chembe ulikuwapo kabla yake: picha za setilaiti za miaka ya 1960 zilionyesha mistari myeupe mawinguni, na ikabainika kuwa ni nyayo za meli, moshi wa dohani zao ukiwa umeingia mawinguni. Tangu tarehe 1 Januari 2020, kikomo cha salfa katika mafuta ya meli kilipunguzwa kwa sheria ya kimataifa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na mistari hiyo ikapungua sana. Afya za watu wa bandarini zilinufaika, na ni sawa kabisa. Lakini mabadiliko hayo yaliwapa watafiti kipimo cha bure cha kinyume chake: chembe zikiondoka, mistari nayo huondoka.

Wingu linalofaa si lolote. Mashine inatafuta stratokumulasi, yale mawingu mapana ya kijivu yaliyotanda chini ya kilomita 2, mara nyingi yakiwa na unene wa mita 200 au 300 tu. Makazi yake makubwa ni mbele ya pwani za California, Peru na Chile, na Angola na Namibia, kwenye maji baridi. Pwani ya Afrika Mashariki haina tandiko la namna hiyo. Anga yetu ya baharini ni ya mawingu madogo ya pamba yanayotawanyika, na juu ya Great Barrier Reef, mwamba mkubwa wa matumbawe wa Australia, hali inakaribiana na hiyo. Jambo hili litarudi tutakapofika kwenye matumbawe.

Mifano mitatu

Mfano wa kwanza uko kwenye michoro. Stephen Salter, mhandisi wa Edinburgh aliyefahamika kwanza kwa kifaa chake cha kuvuna nguvu za mawimbi, alibuni pamoja na wenzake, katika maandishi ya mwaka 2008, meli isiyo na mabaharia inayosukumwa na mitungi mirefu inayozunguka. Mitungi hiyo huitwa rota za Flettner. Upepo ukiigonga inapozunguka, hewa hupita kasi upande mmoja kuliko mwingine na meli husukumwa. Propela zilizozamishwa majini zingezungushwa na mwendo wa meli na kuzalisha umeme wa pampu. Kila meli ingepuliza kilo 30 za maji kwa sekunde katika matone ya mikromita 0.8 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na makadirio yao kwa dunia nzima yalikuwa kama meli 1,500. Ubunifu huu una uzuri wake: haununui mafuta, unakwenda wingu lilipo, na ukizimwa leo, chumvi yote imeshuka baharini ndani ya siku chache. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye nozeli. Zilikusudiwa kuwa bamba za silikoni zenye matundu yanayohesabika kwa mabilioni, kila tundu dogo kuliko mikromita moja, zikifanya kazi mfululizo katikati ya bahari yenye mwani, mchanga mwembamba na mayai ya viumbe.

Wa pili ni CARI, mashine ya mradi wa Chuo Kikuu cha Washington. Nozeli zake zilitokana na kazi ya miaka mingi ya wahandisi wastaafu wa Silicon Valley wakiongozwa na Armand Neukermans. Kwa umbo inafanana na mashine ya kutengeneza theluji kwenye viwanja vya kuteleza: pipa pana lenye feni nyuma na pete ya nozeli mdomoni. Badala ya tundu dogo kupindukia, hutumia maji ya chumvi na hewa iliyobanwa kupitia tundu moja. Mchanganyiko ukitoka, mapovu ya hewa hutanuka ghafla na kuyararua maji yanayoyazunguka. Anayewahi kufungua chupa ya soda iliyotikiswa ameona nguvu hiyo kwa kiwango kidogo.

CARI iliwashwa tarehe 2 Aprili 2024 juu ya sitaha ya USS Hornet, meli ya zamani ya kubeba ndege za kivita ambayo sasa ni makumbusho huko Alameda, California. Lengo halikuwa kugusa wingu. Walitaka kujua kama ukubwa wa chembe unabaki uleule ukungu unaposafiri sitahani ukipigwa na upepo wa kweli wa baharini. Mwezi Mei jiji liliamuru kazi isimame. Wataalamu walioajiriwa na jiji hawakuona hatari ya maana kwa afya ya watu, lakini mwezi Juni halmashauri ilipiga kura kwa kauli moja isiendelee. Kwa mtathmini wa mashine, hii ni kasoro ya bidhaa kama kuvuja kwa pampu. Majirani walipata habari kazi ikiwa imeshaanza, na chombo kilichozimwa kwa kukosa ridhaa kimeharibika hata kama kila boliti iko mahali pake.

Wa tatu ndio uliofika mbali zaidi baharini. Daniel Harrison na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern Cross, chini ya mpango wa Australia wa kurejesha matumbawe, walifunga nozeli 100 kwenye feni kubwa nyuma ya chombo na kuijaribu Machi 2020 kwenye mwamba wa Broadhurst, kama kilomita 100 kutoka Townsville. Mwaka uliofuata nozeli zilikuwa 320. Kanuni yake ni rahisi kuliko zile mbili: maji yaliyochujwa husukumwa kwa presha kubwa kupitia tundu jembamba, yakagonga ncha ya sindano iliyosimama mbele ya tundu na kusambaratika. Ni aina ya nozeli iliyokwisha kutumika viwandani na kwenye nyumba za kuoteshea mimea, ambako kwa kawaida huendeshwa kwa bar 70 au zaidi, yaani kama mara 70 ya presha ya kawaida ya hewa. Kwa hiyo vipuri vinapatikana, mafundi wanaijua, na nozeli ikiziba unaifungua kwa spana na kuweka nyingine huku chombo kikiwa kazini. Kwa matengenezo, hii ndiyo tunayoipa alama za juu.

Tone moja kwa karibu

Hapa ndipo thamani ya mashine inapopimwa, na hapa ndipo matangazo mengi hupita haraka.

Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Tone likikauka, kipenyo cha chembe inayobaki ni kama robo ya kipenyo cha tone. Tone la mikromita 0.8 huacha chembe ya nanomita 200 (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita). Tone la 0.4 huacha ya nanomita 100. Eneo linalotafutwa ni kati ya nanomita 30 na 100 hivi, kutegemea wingu. Chini ya hapo, chembe nyingi hazishiki maji ya kutosha kuwa tone la wingu. Juu sana ya hapo, chumvi ni nzito, tone lake linakua upesi kuliko majirani, linawameza na kuanguka kama rasharasha. Wingu likinyesha limekonda, na umelipia kuling'oa badala ya kuling'arisha.

Sasa hesabu ya maji. Mashine inayotoa chembe milioni bilioni kwa sekunde, yaani 1 ikifuatwa na sifuri 15, kila moja ya nanomita 100, inahitaji kwa nadharia gramu 34 tu za maji kwa sekunde. Ni kama lita 2 kwa dakika, bomba la jikoni linazidi. Mbona basi mashine halisi zinakunywa maji mengi kupita kiasi hicho? Kwa sababu hakuna nozeli inayotoa matone ya ukubwa mmoja. Tone la mikromita 4 linabeba maji ya matone 1,000 ya mikromita 0.4. Tone la mikromita 40, ambalo bado ni jembamba kuliko unywele, linabeba maji ya matone milioni moja. Matone makubwa machache yakitoroka kwenye nozeli mbovu, karibu maji yote uliyoyasukuma yameondoka nayo, na umeme wake pia. Huanguka mita chache mbele ya mashine, yakilowesha sitaha na kuacha ukoko wa chumvi kwenye reli.

Ndiyo maana takwimu ya "trilioni za chembe kwa sekunde" peke yake haitoshi. Muulize muuzaji mgawanyo wa ukubwa: asilimia ngapi ya chembe ziko kati ya nanomita 30 na 100, na asilimia ngapi ya maji imekwenda kwenye chembe hizo. Hayo ni maswali mawili tofauti, na la pili ndilo linaloumiza.

Nishati nayo inafuata mkondo huohuo. Kuunda uso mpya wa maji kuna gharama isiyoepukika. Kwa meli ya Salter ya kilo 30 kwa sekunde, gharama hiyo ni kilowati 16 hivi, kiasi kidogo. Lakini nozeli halisi hupoteza nguvu nyingi zaidi kwa msuguano na kwa mwendo wa maji yenyewe, na zile za hewa iliyobanwa huongeza mzigo wa kompresa. Ukipewa hesabu ya umeme, hakikisha kompresa na feni zimo, maana baadhi ya hesabu hutaja pampu tu.

Matengenezo yana utaratibu ambao haupaswi kurukwa. Maji yanaingia kupitia wavu wa kuzuia mwani na samaki wadogo, kisha filta za nyuzi za hatua mbili au tatu, na kwa tundu dogo sana, utando wa kuchuja kama ule unaotangulia mitambo ya kuondoa chumvi. Utando huo lazima uoshwe kwa kurudisha maji nyuma kila baada ya muda mfupi, la sivyo utelezi wa vijidudu huufunga. Kabla ya kuzima, pitisha maji baridi yasiyo na chumvi kwenye mabomba na nozeli zote hadi yatoke safi. Ukizima na maji ya bahari ndani, yatakauka kwenye tundu na fuwele ya chumvi itaziba au kupotosha mkondo. Nozeli iliyopinda hivyo haionekani kuwa imeziba. Inaendelea kutoa ukungu, ila wa matone makubwa. Iangalie dhidi ya mwanga ikiwa kazini. Ukungu mzuri ni kama moshi mwembamba wa bluu, na mbaya una mistari ya matone yanayong'aa yakishuka. Chuma cha pua cha kawaida hutoboka haraka kwenye maji ya bahari ya moto yenye presha, kwa hiyo pampu na maungio yawe ya daraja la baharini.

Kutoka mdomoni hadi winguni

Chembe nzuri ikishatoka, ina njia ya mita mia kadhaa kwenda juu, na njia hiyo ina mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni baridi. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huvuta takriban megajouli 2.4 za joto kutoka hewani, kiasi cha kupoza mita za ujazo 2,000 za hewa kwa nyuzi 1. Kwa kilo 30 kwa sekunde, hewa inanyang'anywa zaidi ya megawati 70. Hewa iliyopoa ni nzito, hivyo ukungu unazama na kutambaa juu ya maji badala ya kupanda. Mashine inayotumia maji mengi kwa chembe zilezile inajiwekea breki yenyewe, na hapa ubora wa nozeli unarudi tena kudai haki yake. Dawa nyingine ni feni yenye nguvu ya kuchanganya ukungu na hewa nyingi mapema, na kugawa nozeli sehemu mbalimbali za chombo.

Mtego wa pili ni kugongana. Mdomoni mwa mashine chembe zimesongamana mno. Zikifika bilioni moja kwa sentimita ya ujazo, nusu yake huungana ndani ya sekunde chache, na ulichokitengeneza kwa shida kinakuwa chembe chache kubwa. Zikishatawanyika hadi milioni moja kwa sentimita hiyohiyo, kasi ya kuungana inapungua mara elfu. Kwa hiyo sekunde za kwanza ndizo zinazoamua, na ndilo swali ambalo CARI iliwekwa sitahani kulijibu.

Wakati wa kunyunyiza una uzito kuliko watu wanavyodhani. Usiku kilele cha wingu hupoa na hewa huzunguka kutoka juu hadi usawa wa bahari, hivyo chembe hupandishwa bila shida. Kuelekea saa sita mchana jua hupasha wingu, mzunguko hukatika, na tabaka la wingu linaweza kutengana na hewa iliyo chini yake. Ukinyunyiza saa hizo, chumvi inabaki chini. Mpango wenye akili unaanza usiku wa manane na kufanya kazi hadi alfajiri, ili wingu liwe limeshapokea chembe jua linapochomoza.

Kwa mashine ya chembe milioni bilioni kwa sekunde, upepo wa mita 7 kwa sekunde na tabaka la hewa la kilomita 1, kuongeza chembe 100 kwa kila sentimita ya ujazo kunawezekana kwenye ukanda wa upana wa kilomita 1.4 hivi, ikiwa hakuna kinachopotea. Unaweza kuonekana kwa setilaiti. Kwa maana ya hali ya hewa ya dunia, ni uzi.

Wingu lina majibu yake

Tuseme yote yamekwenda sawa na chembe zimeingia. Wingu halikai kimya kama karatasi inayopakwa rangi. Matone yakipungua ukubwa, rasharasha hupungua, maji hubaki winguni na wingu linaweza kunenepa. Hiyo ni faida juu ya faida. Lakini matone madogo pia hukauka upesi yanapogusana na hewa kavu iliyo juu ya wingu. Ukaukaji huo huvuta hewa kavu zaidi ndani na kulikondesha. Katika wingu lenye rasharasha, nguvu ya kwanza inaweza kushinda. Katika wingu lisilonyesha na lenye hewa kavu juu yake, ya pili. Na kwenye wingu lililokwisha kuchafuliwa na moshi wa miji au meli, kuongeza chembe hakuna matunda ya maana, sawa na kuwasha kibatari chumbani mwenye taa nyingi.

Volkano ya Holuhraun ya Iceland, iliyotema gesi kuanzia Agosti 2014 hadi Februari 2015, ilifanya jaribio ambalo hakuna maabara ingeweza kulifanya. Matone ya mawingu yalipungua ukubwa waziwazi, kama Twomey alivyotabiri. Kiasi cha maji ndani ya mawingu hakikubadilika sana, na uchambuzi wa baadaye ukaona eneo lililofunikwa na mawingu liliongezeka. Wanasayansi wanaendelea kubishana juu ya uzito wa kila sehemu. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2011, watafiti walitoa moshi makusudi kutoka meli ya utafiti Point Sur mbele ya California na kuona mistari ikijitokeza mawinguni, si kila siku. Siku ambazo haikujitokeza zina mafunzo sawa na zile zilizofanikiwa, na mnunuzi anapaswa kuonyeshwa zote.

Juu ya matumbawe kuna njia ya ziada. Kwa kuwa mawingu ya pale ni ya kutawanyika, ukungu wenyewe wa chumvi hutawanya mwanga hata pasipo wingu, na kukauka kwa matone hufyonza joto na kupoza hewa ya karibu. Lengo linakuwa dogo na lenye tarehe: kupunguza mwanga na joto kwa wiki chache za kiangazi ambapo tumbawe linafukuza mwani unaolilisha. Great Barrier Reef imepauka kwa wingi mwaka 1998, 2002, 2016, 2017, 2020, 2022, 2024 na 2025. Mwaka 1998 uliua matumbawe mengi hata kwetu, Kenya na Tanzania, na mvuvi wa Mafia hahitaji kuelezwa samaki hufanyaje mwamba ukifa. Kwa kazi hii ya msimu tunaona mashine ya Australia ina nafasi ya kweli. Hata hivyo haipunguzi hewa ukaa, na asidi inayoongezeka baharini itaendelea kulidhoofisha gamba la tumbawe chini ya kivuli hichohicho.

Madhara ya mbali na ruhusa

Kivuli cha eneo moja kinaweza kusogeza mvua ya eneo jingine. Modeli ya kompyuta ya Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, iliyochapishwa mwaka 2009, ilionyesha kwamba kung'arisha mawingu ya mbele ya Namibia kungeweza kupunguza mvua ya Amazoni. Utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba unyunyizaji unaowapunguzia joto watu wa magharibi mwa Marekani katika hali ya hewa ya leo unaweza, dunia ikiwa imepata joto la katikati ya karne, kupoteza nguvu na hata kuongeza joto kwingineko, Ulaya ikiwemo. Na kwa kuwa chumvi hushuka ndani ya siku chache, mpango mkubwa ukisimama ghafla, joto lililozuiwa linarudi kwa kasi. Sifa tuliyoisifia kwenye meli ya Salter, kwamba athari inaondoka haraka, kwa kipimo cha dunia ni hatari.

Waafrika hawako nje ya mazungumzo haya. Mwaka 2010 nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai zilikubaliana kujizuia na uhandisi wa hali ya hewa, isipokuwa tafiti ndogo zilizodhibitiwa. Mwaka 2023 mawaziri wa mazingira wa Afrika walitaka mfumo wa kimataifa wa kutozitumia mbinu za kuzuia jua, na mapema 2024, kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, azimio juu ya jambo hilo liliondolewa mezani bila mwafaka. Wakati huohuo fedha zinasogea: mwaka 2025 shirika la ARIA la Uingereza lilitangaza pauni milioni 56.8 kwa tafiti za kupoza hali ya hewa, za nje ya maabara zikiwemo.

Kabla ya kusaini

Taasisi ya bahari ikiletewa mashine hii kwa majaribio, tunashauri idai mambo yafuatayo kwa maandishi. Vipimo vya chembe za asili upande upepo unakotoka kwa wiki kadhaa kabla ya kuwasha, kwa sababu bila hivyo hakuna wa kusema kilichoongezeka ni cha mashine. Mgawanyo wa ukubwa wa chembe mdomoni, mita 100 mbele na kilomita kadhaa mbele, si mdomoni pekee. Ratiba ya kuwasha na kuzima iliyopangwa kwa bahati nasibu kabla ya msimu, ili mtu asichague siku zenye mawingu mazuri. Droni au ndege itakayopita ndani ya wingu na pembeni yake saa ileile. Kikao na wavuvi na wakazi kabla ya chombo kufika bandarini, na namba ya simu ya mtu mwenye mamlaka ya kuzima.

Alama zetu kwa sasa: nozeli za Australia 8 kati ya 10 kwa uimara na urahisi wa vipuri. CARI 7 kwa ubunifu wa kurarua maji kwa hewa, na 3 kwa namna ilivyoingia mjini. Meli ya Salter hatuipi alama, kwa kuwa bado ni mchoro. Kwa kazi ya kung'arisha wingu, safu hiyo tumeiacha wazi kwa mashine zote. Itajazwa siku droni itakaporudi na hesabu mbili za matone, moja kutoka ndani ya ukanda ulionyunyizwa na moja kutoka nje yake, tofauti ikiwa imejirudia katika siku za kutosha, pamoja na zile ambazo wingu lilikonda.